Kadi ya Benki Iliyoletwa Matangani

Navalayo alikatazwa kushika mwiko. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya ukoo wao: mjane haingii jikoni mpaka mumewe azikwe. Kwa hiyo asubuhi ile ya Ijumaa, mwaka wa 1998, alikaa kwenye mkeka mlangoni, miguu ameinyosha. Alisikiliza wanawake wengine wakipika jikoni mwake na kupekuapekua vyombo vyake.

"Huyu mama anawekanga chumvi wapi?" mmoja aliuliza.

"Kwenye kopo la majani ya chai," Navalayo akajibu kutoka mlangoni.

"Na majani ya chai?"

"Kwenye kopo la chumvi."

Wanawake wakaangua kicheko. Navalayo naye akatabasamu kidogo. Marehemu mumewe, Lihanda, alikuwa mtu wa kucheka. Asingependa matanga ya watu walionuna.

Kwa miaka mingi Lihanda aliuza maziwa mjini Kakamega kwa baiskeli. Nyumbani, ng'ambo ya Shirere, alifuga fahali wa kupigana. Watu wa Isukha wanajua maana yake. Mzee mwenye fahali hazikwi kimyakimya. Siku moja kabla ya mazishi, vijana hujifunga majani kichwani na kushika marungu. Hupiga ngoma za isukuti na kumtembeza fahali kila mahali ambapo marehemu alizoea kupita.

Wanaokutana nao njiani hutoa kitu cha ngoma. Anayechelewa kutoa huzingirwa. Vijana humrukiarukia, marungu juu, mpaka mwenyewe acheke na kuingiza mkono mfukoni. Kijijini mchezo huo unajulikana na mkubwa na mdogo. Hakuna anayeuogopa.

Siku hiyo aliyeongoza vijana alikuwa Joash, mtoto wa kwanza wa Navalayo. Kesho yake ndiye angemwaga udongo wa kwanza juu ya jeneza la baba yake. Katika ukoo wao, udongo huo haumwagwi na mtu mwingine kama mtoto wa kwanza yupo hai.

Adhuhuri ngoma zilisikika zikirudi. Fahali aliingia uani akipumua kwa nguvu, na vijana nyuma yake wakiwa wameloa jasho. Joash alipiga magoti mbele ya mama yake. Pembeni mwa mkeka palikuwa na ungo wa kupokea michango.

"Mama, watu wa mji wanampenda Baba!" alisema. Akamimina sarafu kwenye ungo. Kisha akatoa noti, nyingi na mpya, zimenyooka kama zimepigwa pasi.

"Hizi zote zimetoka wapi?"

"Kwa mtu mmoja tu. Alikuwa kwenye ile mashine ya pesa pale benki. Alipogeuka tukamzunguka kama kawaida. Akatupa zote chini, akakimbia. Hata hakungoja tumshukuru!"

"Alikimbia kama fahali aliyeshindwa!" kijana mwingine akadakia. Wote wakacheka.

"Na hii pia alituachia," Joash akasema.

Ilikuwa kadi ndogo, ngumu, inayong'aa. Ilikuwa na namba zilizoinuka, na chini yake jina: Kipchirchir. Navalayo aliigeuza mkononi. Mashine ile haikuwa na siku nyingi mjini, naye hakuwahi kuisogelea. Alijua tu kwamba wakubwa wa ofisini hugawa vikadi vyenye majina yao.

"Labda alikuwa akinunua maziwa kwa baba yako," alisema. Akaiweka kadi juu ya noti, mahali ambapo kila mgeni angeiona.

Haukupita muda, akaja jirani yao Jescah, amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Jescah alikuwa askari jela kabla ya kustaafu. Watu bado walimwita Afande. Alitua ndizi, akampa Navalayo pole, akainama kuweka mchango wake kwenye ungo. Mkono wake ukasimama hewani.

"Mama Joash, hii kadi ni ya nani?"

"Ni ya mtu mwema tu. Ametuma rambirambi kutoka mjini."

"Rambirambi?" Afande aliiokota akaitazama pande zote mbili. "Mama Joash, mtu anaweza kutoa pesa. Anaweza kutoa kuku. Lakini hakuna mtu anayetoa kadi yake ya benki. Huu ni ufunguo wa pesa zake. Nani ameleta?"

Joash aliitwa. Alikuja akitafuna ndizi.

"Mlikuwa wangapi?" Afande alimuuliza.

"Wengi, Afande. Kikundi chote."

"Mlishika nini?"

"Marungu. Si ni matanga?"

"Mlimwambia atoe pesa?"

"Hapana. Tulikuwa tunaimba tu. Si ni kitu cha ngoma? Wewe unajua desturi."

"Mimi najua. Yeye anajua?"

Joash aliacha kutafuna.

"Soma jina," Afande akamwambia.

"Kipchirchir."

"Huyo si mtu wa hapa. Hajawahi kuona isukuti ya matanga. Ametoka kwenye mashine, pesa mkononi. Anageuka, anakuta wanaume wenye marungu wamemzingira. Ameona akina nani hapo? Waombolezaji?"

Joash aliangalia chini. "Ameona wezi," akasema polepole.

Ndugu wa marehemu, Shikanga, alikuwa amesogea kusikiliza. Yeye ndiye aliyesimamia matanga, na hakupenda mtu kuyavuruga.

"Afande, usitutishie watoto," alisema. "Joash hakumgusa mtu. Hata kama ni kosa, si litakuwa la faini tu?"

"Mzee Shikanga, keti kwanza."

Shikanga hakuketi. 

"Kuna wizi, na kuna unyang'anyi," Afande akaanza. "Mtu akichukua kuku wako usiku umelala, huo ni wizi. Akikunyang'anya kwa nguvu au kwa kukutisha, huo ni unyang'anyi. Kifungo chake kinafika miaka kumi na minne. Sasa sikilizeni vizuri. Mnyang'anyi akiwa na silaha, kosa linakuwa kubwa zaidi. Wakiwa wawili au zaidi, hata kama mikono ni mitupu, linakuwa kubwa zaidi. Akimpiga mtu au kumjeruhi, ni vivyo hivyo. Moja tu kati ya hayo linatosha. Hapo unaitwa wizi wa mabavu. Adhabu yake ni kunyongwa."

 Wanawake walitoka jikoni, wakasogea karibu.

"Kunyongwa?" Shikanga akauliza.

"Kunyongwa. Sheria haimpi hakimu adhabu nyingine. Hakuna faini."

"Hata kama pesa ni kidogo?"

"Hata kama ni shilingi moja. Hata kama hawakupata kitu. Kujaribu wizi wa namna hiyo kuna adhabu hiyohiyo."

Mpiga ngoma mmoja aliinua mkono. "Afande, na yule ambaye alikuwa nyuma kabisa? Anapiga ngoma tu?"

"Watu wakienda kuiba kwa nia moja, sheria inawahesabu pamoja. Anayelinda njia ni sawa na anayenyoosha mkono. Nimesimama kwenye lango la jela miaka mingi, kijana wangu. Nimepokeanga akina mama wakileta sabuni. Kila mmoja alikuwa akiniambia, 'Afande, mwanangu alisimama tu.'"

Navalayo alisimama. Alisahau kwamba mjane anapaswa kukaa.

"Wakimshika, si nitamtoa kwa dhamana?"

"Kosa la kunyongwa halina dhamana, Mama Joash. Angekaa rumande mpaka kesi iishe."

Navalayo alitazama upande wa migomba, ambako wachimba kaburi walikuwa kazini. Kesho saa sita jeneza lingeshuka pale. Nani angemwaga udongo? Na baada ya hapo, je? Angebeba sabuni mpaka langoni, na yeye aanze kumwambia askari kwamba mwanawe alisimama tu?

"Basi tumalize nyumbani," Shikanga alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tumtafute huyu Kipchirchir. Wafanyakazi wengi wanapanga nyumba Shirere, hatakosekana. Tumpelekee kondoo, tumuombe anyamaze."

"Mtaenda watu wangapi?"

"Wazee. Na vijana wachache wa kuvuta kondoo."

"Mtu mmemzingira asubuhi, na mchana mnamzingira tena mlangoni kwake? Atapiga kelele mpaka Malava wasikie! Halafu kuna jambo lingine. Kosa kubwa kama hili si la watu wawili. Serikali ndiyo inayoshtaki. Kumlipa mtu ili afiche kosa la namna hiyo, hilo nalo ni kosa."

"Tutupe kadi mto Isiukhu," kijana mmoja akanong'ona.

"Mimi niende Lugari kwa senje," Joash akasema, akimaanisha shangazi yake. 

"Ukikimbia, watasema umekubali kosa," Afande alimjibu. "Na ukikaa na mali hii sasa, wakati unajua mwenyewe hakuitoa kwa hiari, hapo ndipo unakuwa mwizi. Mpaka saa hii ulikuwa mjinga tu. Kuna tofauti."

"Asante, Afande," Joash akasema. Vijana wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokosa pumzi.

"Twende kituo cha polisi. Sasa hivi, mchana huu. Twende na pesa zote, kadi, na ukweli. Marungu yabaki hapa. Siwezi kukuahidi kitu, Joash. Polisi ndio watakaoamua. Lakini mtu anayekwenda mwenyewe husikilizwa vizuri kuliko anayeletwa na pingu."

Navalayo alikuwa tayari anajifunga leso kichwani.

"Shemeji, unakwenda wapi?" Shikanga akauliza kwa mshangao. "Mjane hatoki nyumbani kabla ya mazishi!"

"Aliyekufa haendi popote leo, shemeji. Aliye hai ndiye anaweza kuchukuliwa."

 Shikanga akawageukia vijana. "Mmesikia? Kila mtu atoe!"

Noti zilizobaki zilitoka mifukoni. Moja ilitoka ndani ya soksi, na mwenye soksi akasema haelewi iliingiaje.

Walikwenda watatu: Navalayo, Joash na Afande. Kituoni, kwenye meza ya kupokea malalamiko, alikaa mwanamke mmoja, Sajini Dorothy. Afande alimweleza kwa ufupi. Sajini aliweka kalamu chini.

"Nyinyi ndio watu wa mashine? Gari letu lilikuwa linataka kutoka kuwatafuta." Alimtazama Joash, majani bado yamenasa kwenye nywele. "Na wewe ndiye kiongozi?"

"Ndiyo, Sajini. Ni mimi."

Alimwingiza ofisini kuandika maelezo yake. Navalayo aliambiwa asubiri kwenye benchi. Mwisho wa benchi alikaa kijana mrefu, suruali imechanika gotini, damu imekauka pembeni mwa tundu. Alikuwa amemwona Joash akipita, akageuza uso. Navalayo alimtambua bila kuambiwa. Alifungua kinywa.

"Mama, msalimie tu," askari wa zamu akamwonya. "Usizungumze naye habari ya kesi."

"Hujambo, mwanangu," Navalayo akasema.

"Sijambo, mama."

Wakakaa hivyo, kila mtu na mwisho wake wa benchi. Navalayo alitazama lile goti. Njia nzima alikuwa amemwogopa mtu huyu kwa sababu angeweza kumwondolea mwanawe. Hakuwa amefikiria kwamba mtu huyu naye aliumia. Alikuwa mdogo, pengine amempita Joash miaka michache tu. Popote mama yake alipokuwa, hakujua kwamba mwanawe amekaa kituoni na damu gotini.

Kipchirchir aliitwa ndani. Baadaye mlinzi wa benki, mzee wa kutoka Iguhu, aliletwa naye akaingia. Jua lilisogea kutoka mlangoni mpaka ukutani. Afande alimshika Navalayo mkono. Mlango ulipofunguliwa, Navalayo alisimama.

"Ingieni wote," Sajini Dorothy alisema.

Alisimama nyuma ya meza. "Mkubwa wangu amesoma maelezo yote. Bwana Kipchirchir ameandika tangu asubuhi, kabla hatujawajua, kwamba hakuna aliyemwambia leta, na hakuna aliyemgusa. Anasema alitupa pesa mwenyewe kwa woga, akaanguka akikimbia. Mlinzi ameona hivyohivyo. Yeye alijua ni matanga, alikuwa amesimama anacheka. Na mmerudisha kila kitu kabla hatujawafikia. Nia ya kuiba haionekani. Hatashtakiwa mtu."

Navalayo alishika ukingo wa meza. 

"Sijamaliza," Sajini akasema. "Joash, kama mmoja wenu angetamka neno moja, 'Leta,' huku mmeshika marungu, leo ungelala ndani na kesi ya kunyongwa. Na kama huyu angepiga kelele ya mwizi pale mjini, watu wangewarukia kwa mawe. Hilo pia ni kosa. Kumpiga mtu mpaka afe, hata kama ni mwizi kweli, ni kuua. Lakini hilo lisingewafufua. Kesho mngekuwa na makaburi mangapi?"

"Tumekosa, Sajini," Joash alisema. Akamgeukia Kipchirchir. "Ndugu yangu, nisamehe. Ni matanga ya baba yangu."

Kipchirchir alikuwa ameshika kadi yake kwa mikono miwili. "Mimi niliona marungu," akasema. "Sikuona matanga. Nilipokuwa nakimbia, nilikuwa namuaga mke wangu kichwani. Nilijua simwoni tena."

 Navalayo alimsogelea, akainama kidogo kama anayempa mkwe heshima.

"Utamsalimia mke wako," alisema. "Mwambie kuna mama hapa anamwomba msamaha."

"Anaitwa Jepkorir, mama. Nitamwambia." Kijana alisita. "Marehemu alikuwa nani?"

"Lihanda wa maziwa. Mwenye baiskeli."

"Sikumjua. Lakini poleni sana."

Kabla hawajatoka, Sajini aliwapa maneno mengine. Mtu akiwa kwenye mashine, msimkaribie. Simameni mbali mpaka amalize na aondoke. Ukienda mwenyewe, nenda mchana, na uweke pesa mfukoni kabla ya kugeuka. Ile namba ya siri usimwambie mtu, hata anayejifanya kukusaidia. Ukivamiwa na wezi kweli, usipigane nao. Pesa hutafutwa tena. Kimbilia polisi, na uwaambie benki upesi waifunge kadi. "Na mwambieni yeyote anayefikiri mashine ile ni shamba la kuvuna," aliongeza. "Anayevunja mashine atafungwa. Wanaowavamia wanaoitumia, adhabu yao mmeshaisikia."

Shikanga alikuwa amesimama barabarani karibu na boma, akijifanya anatazama ng'ombe wa jirani. Alipowaona watatu wakija, alihesabu vichwa, akavua kofia, akajipepea.

"Nilijua tu mtarudi," alisema.

"Ulijua?" Afande akamuuliza. "Mbona kofia imeloa jasho?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Navalayo alicheka kwa sauti. Alicheka mpaka akashika mti.

Jioni hiyo, kabla ya maombi, Shikanga alisimama mbele ya watu. Hakuzunguka. Aliwaeleza yaliyotokea na maana ya sheria, jinsi alivyoelezwa. Kisha akasema kwamba tangu siku hiyo, matanga ya ukoo wao hayatapita na marungu mjini. Watashika matawi. Mtu mmoja atatangulia mbele akiwaambia watu kwamba huu ni msiba. Bakuli la mchango litashikwa na mama mtu mzima, na asiyetaka kutoa atapita njia yake. Mbele ya benki hawatapita kabisa.

"Na fahali?" kijana mmoja akauliza.

"Fahali hana kosa. Yeye hakushika rungu."

Watu wakacheka. Kesho yake asubuhi kabla ya mazishi, marungu yalikuwa yamelundikwa nyuma ya ghala, na ngoma zilisikika vilevile. Mwezi uliofuata, ukoo mwingine uliofiwa na mzee ulikuja kumuuliza Shikanga jinsi walivyofanya, nao wakafanya hivyo. Mlinzi yule wa Iguhu alisema kwamba tangu hapo hakuona mtu akizingirwa na ngoma mlangoni pa benki.

Siku ile ya mazishi, saa sita, jeneza la Lihanda lilishushwa. Joash alichota udongo kwa mikono yake, akaumwaga. Ulilia juu ya mbao.

Hapo ndipo Navalayo alipoanza kulia. Wanawake walimkimbilia wakidhani amezidiwa, lakini Afande aliwazuia. Tangu mchana wa siku iliyotangulia Navalayo alikuwa na watu wawili wa kulilia, mmoja aliyekwenda na mmoja aliyekaribia kuchukuliwa. Sasa mmoja alikuwa amesimama pale ukingoni, mzima, udongo mikononi. Navalayo aliweza kumlilia mume wake peke yake.